Hedseti ya Siku Saba

Jumatatu ile Fundi aliunguza gauni la watu kwa pasi, na chanzo kilikuwa simu.

Alikuwa ameibana kati ya sikio na bega kama alivyozoea, mkono mmoja kwenye pasi, mwingine unanyoosha pindo, na upande wa pili mteja anaeleza: mikono iwe mifupi, hapana, iwe mirefu, hapana, iishie kwenye kiwiko. Simu ikateleza. Fundi akataka kuidaka kwa mkono wa pasi, maana binadamu hudaka kwanza akafikiri baadaye. Aliikosa, ikaanguka sakafuni ikapasuka kioo, na pasi nayo ikabaki imelala juu ya kitambaa. Ilipoinuliwa ilikuwa imeacha umbo lake lote pale, kahawia, limechongoka mbele, zuri kabisa kama kuna mtu angelitaka.

"Hiyo ni fasheni mpya," alisema Chaji kutoka ng'ambo ya ujia.

Chaji aliuza vifaa vya simu kwenye kibanda kilichotazamana na duka la Fundi, hatua nne tu. Aliitwa hivyo kwa sababu simu yake mwenyewe haikuwahi kuwa na chaji hata siku moja.

"Kaa kimya, kinyozi usiyejinyoa."

"Mimi nitanyamaza, dada yangu, lakini shingo yako hainyamazi. Ukipita barabarani unakwenda kichwa upande kama kuku anayesikiliza kisu kikinolewa. Njoo nikuonyeshe kitu."

Akatoa hedseti. Nyeusi, ya sikio moja, sikio la kushoto, na kijiti chembamba cha kusemea kilichopinda kuelekea mdomoni. Haina waya, alisema. Simu unaiacha mezani, kidude unakivaa, mikono yote miwili inabaki yako.

"Watu wakiniona nabwabwaja peke yangu watasema nini?"

"Watasema wanayosema sasa. Ila utakuwa umenyooka."

Fundi aliigeuzageuza. Alikuwa mtu wa kuloweka kitambaa usiku kucha kabla ya kuamini kwamba rangi haitoki. Hakununua kitu kwa maneno ya muuzaji. "Mpya hii?"

"Mtumba. Lakini mtumba wa mtu msafi. Chukua ujaribu siku saba. Jumatatu ijayo uniambie unanunua au unarudisha. Na simu niachie nikubadilishie kioo, kesho utaikuta tayari."

Basi akaichukua. Hivi ndivyo mambo yanavyoingia nyumbani kwa watu, kwa majaribio.

Lile duka zamani lilikuwa la wanawake wawili. Fundi alikata na kushona. Mdogo wake, ambaye wateja walimwita Mdogo tu, alipima. Mama yao aliyewafundisha kazi aliwaachia sheria moja: anayepima anataja, anayeandika anarudia kwa sauti. Kipimo kisichorudiwa hakikatwi. Siku moja Mdogo alisema ishirini na sita, Fundi akasikia thelathini na sita, hakurudia, na bwana mmoja mwenye heshima zake akapewa suruali ya kubebea viazi. Tangu hapo hawakukosea tena. Mdogo alikuwa akitaja huku pini tano ziko katikati ya meno, sauti inatoka kavu, ya puani. Fundi anarudia bila hata kuinua kichwa. Walifanya hivyo miaka kumi na moja, na mdomo uliozoea hauombi ruhusa kwa mwenyewe.

Mdogo alikuwa amekufa miezi minne kabla ya Jumatatu hiyo.

Jumanne mchana Fundi aliivaa hedseti kuijaribu inavyokaa. Ilikaa vizuri, hata uzito haina. Akainama kwenye cherehani, akaanza kushona bitana ya sketi, na kwa sababu ni nyepesi akasahau kama ameivaa.

"Mabega, kumi na nane," ilisema sauti sikioni.

"Kumi na nane," alirudia Fundi. Mkono wake ukavuta daftari ukaandika.

"Kifua, arobaini na moja."

"Arobaini na moja."

"Kiuno, thelathini na saba."

"Thelathini na saba."

"Mkono, ishirini na tano. Shingo, kumi na tano."

"Ishirini na tano. Shingo kumi na tano," alisema, akaandika, akangoja aambiwe jina la mteja. Halikutajwa. "Haloo? Niandike nani?"

Kwa mbali, kama kwenye chumba cha pili, kitu kiligonga mbao mara moja.

Akanyoosha mkono kuchukua simu aone namba ya aliyepiga. Mezani hapakuwa na simu. Ndipo akakumbuka, akainua macho. Ng'ambo ya ujia simu yake ilikuwa mbele ya Chaji, imefunguliwa mgongo, betri iko kando kwenye kisahani, na Chaji amesinzia mdomo wazi.

Alivua kile kidude polepole, akakiweka mezani, akakifunika kwa kipande cha kitambaa. Kama unavyomfunika ndege.

Usiku akajiambia ni masikio ya mtu mzima. Ni mazoea. Ni uchovu. Mtu akitaka kujidanganya, sababu humfuata zenyewe kama mbuzi wa jirani.

Jumatano asubuhi akaja shemeji yake.

Huyu ndiye aliyekuwa mume wa Mdogo. Mtaani walimwita Samahani, maana neno hilo halikumwisha mdomoni. Mtu wa sauti laini. Akikukanyaga anaomba radhi, halafu mguu hautoi. Alikuja na msichana mwembamba aliyesimama nyuma yake kidogo, macho chini, na kabla hata hajakaa, Samahani alikuwa ameshatabasamu mara tatu.

"Samahani, shemeji, nimekuja bila taarifa. Huyu ni mchumba wangu. Maisha lazima yaendelee, au siyo?"

"Yanaendelea," alisema Fundi. "Tunayaona."

"Nataka suti. Na yeye umshonee kitu cha heshima. Nikasema niende wapi kwingine, wakati vipimo vyangu vyote unavyo?"

Miezi minne. Fundi alimtazama usoni akitafuta hata kivuli cha aibu, hakukiona. Alichokiona ni kidole. Kidole cha shahada kilikuwa ndani ya kola ya shati, kinaivuta, kinaivuta.

"Shati linakubana?"

"Tangu jana. Nadhani lilivyofuliwa limenywea."

Ikalia simu. Ililia mfukoni mwa Samahani. Akaitoa, akaiangalia, akaikata. Ilikuwa simu ya kike, yenye maua mgongoni.

"Mama yake huyu," alieleza, akitabasamu. "Wanawake wakianza kuongea na simu hawamalizi. Namtunzia."

Msichana aliifuata simu kwa macho mpaka iliporudi mfukoni.

Walipoondoka, Fundi alifungua kabati la chini akatoa daftari la zamani. Aliliweka juu ya meza, jipya pembeni. Ukurasa wa suti ya Samahani, ya harusi yake na Mdogo, kwa mwandiko wa Fundi mwenyewe: mabega kumi na nane. Kifua arobaini na moja. Kiuno thelathini na saba. Mkono ishirini na tano.

Shingo, kumi na sita.

Akavuka ujia. "Chaji. Ile hedseti ulipata kwa nani?"

Chaji akashangaa. "Kwa shemeji yako. Aliniletea pamoja na simu ya marehemu, wiki ileile ya msiba. Simu niliiuza, hicho kidude kikabaki. Nilidhani unajua, dada."

Hakuwa akijua. Alirudi akakaa nyuma ya cherehani, na sasa kilichokuwa kimekaa ndani yake miezi minne kikasimama.

Siku aliyokufa Mdogo ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Simu yake iliita na jina la Mdogo likatokea kwenye kioo. Fundi alikuwa ameshika shela ya bibi harusi, pini sitini zimechomekwa, akiiachia itamwagika yote. Akasema, nitampigia. Ikaita tena. Akasema, ngoja jamani. Ikaita mara ya tatu, muda mrefu, ikakatika. Jioni Samahani akapiga kwa sauti yake laini: samahani, shemeji, mwenzangu kalala hakuamka. Mdogo alikuwa na pumu tangu utotoni, kila mtu alijua. Na kila mtu akasema, basi, ni pumu.

Lakini Fundi ndiye aliyemwosha. Chini ya kucha za mdogo wake alikuta rangi ya buluu na vibanzi vya mbao. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka. Mlango wa chumba chao ulikuwa wa buluu.

Aliwaambia wakubwa. Mjomba akamtoa nje akamwambia, "Mama, maiti hatoi ushahidi. Tuzike." Wakazika.

Sasa akauona mchana ule mzima, kama nguo iliyogeuzwa ndani nje. Mumewe kampokonya simu, kamfungia mlango kwa nje, amshikishe adabu. Simu kaiweka sebuleni. Dawa ya kuvuta nayo iko kwenye mkoba, sebuleni. Lakini kile kidude cha sikioni hakukiona chini ya kilemba. Ukibonyeza kitufe kinapiga namba ya mwisho. Namba ya mwisho ilikuwa ya dada yake. Mara tatu alibonyeza. Mara tatu simu ikawaka sebuleni mbele ya yule mwanamume aliyekaa anaitazama, na ikaita dukani kwa dada mtu aliyekuwa ameshika shela.

Fundi aliivaa hedseti. Safari hii alijua anavaa nini.

"Mdogo wangu," alinong'ona.

Ukaja mluzi. Si wa mdomo. Ni ule wa kifua, hewa ikipita mahali palipoziba. Halafu sauti ya puani, ya mtu mwenye pini kwenye meno.

"Shingo, kumi na nne."

Angeweza kunyamaza. Tuseme ukweli, angeweza. Aliufikiria ule mguu wa sauti laini uliomkanyaga mdogo wake usitoke. Aliifikiria simu ya maua.

"Kumi na nne," alisema, waziwazi, akaandika.

Alhamisi asubuhi Samahani alipiga simu. Sauti ilikuwa imekwaruza. "Samahani, shemeji. Siku ya kujaribu suti iwe Jumatatu. Sijisikii vizuri. Chakula hakipiti, nameza maji tu. Daktari kaniangalia koo kasema hana anachokiona."

"Pole," alisema Fundi, na akashangaa jinsi neno lilivyokuwa tamu.

Lakini alipokata simu alifungua daftari akaitazama ile kumi na nne. Kumchukia mtu ni kitu kimoja. Kila mtu ana wake anayemchukia na bado anakula akashiba. Kumpunguza inchi kwa inchi ni kitu kingine. Wakati anasimama aivue hedseti akamkabidhi Chaji, sauti ikaja.

"Shingo, kumi na mbili."

Hakurudia.

"Shingo, kumi na mbili."

Akauma midomo. Sheria ni sheria. Kisichorudiwa hakikatwi. Alikaa hivyo mchana kutwa, wateja wakaingia na kutoka, na kila walipotoka ile sauti ilirudia, bila kupanda, bila kushuka, kama mpimaji anayengoja mwandishi mvivu. Kufikia jioni haikutaja kitu. Ilikuwa mluzi tu.

Ijumaa aliiweka ndani ya droo. Akaifunika kwa vipande vya vitambaa, akafunga ufunguo.

Jumamosi droo ikagonga.

Mara tatu. Ikanyamaza. Mara tatu. Mteja mmoja akauliza, "Fundi, una panya?" Akasema anaye. Mteja akainamia droo, akasikiliza, akajiinua. Hakungoja chenji yake.

Jumapili hakufungua duka. Alikaa nyumbani akisafisha mchele, simu mezani, mita kadhaa kutoka kwenye mkono wake. Saa tisa alasiri ikaita. Kwenye kioo palikuwa na jina ambalo hakuwa na moyo wa kulifuta. Aliitazama. Iliita muda mrefu. Ikakatika. Ikaita tena. Ikakatika. Alijua itaita mara ya tatu na ikaita, na akakaa na sinia la mchele magotini, asipokee, kwa mara ya pili maishani mwake.

Huo ndio usiku alipokata shauri, nusu. Atairudisha. Jumatatu asubuhi atampa Chaji kidude chake na atasema hakimfai. Wafu wana wenyewe.

Jumatatu akafungua droo. Vile vipande vya vitambaa alivyoifunikia vilikuwa vimechanika vyote, nyuzi nyuzi, kama vimekwaruzwa kwa kucha. Hedseti ilikaa katikati, safi.

Chaji alikuwa tayari mlangoni, ameegemea kizingiti. "Siku saba zimetimia, bibie. Unanunua au unarudisha?"

Fundi alifungua mdomo aseme anarudisha. Nyuma ya Chaji wakatokea Samahani na mchumba wake.

"Ngoja kidogo," alimwambia Chaji. "Nina wateja." Na kwa kuwa mikono inataka kazi na hedseti iko mkononi, akaivaa.

Samahani alikuwa amekonda uso, lakini shingo ilikuwa ileile, nene, yenye mkunjo mmoja nyuma. Jicho liliona hivyo. Fundi akampitishia futi, ile ya kitambaa ya siku zote. Futi ikasema kumi na nne.

Akapima tena. Kumi na nne.

"Samahani, shemeji, mikono yako baridi."

"Ni ya fundi. Vaa koti, simama mbele ya kioo."

Alimwacha pale akijigeuza ubavu, akamvuta msichana nyuma ya pazia ampime. Msichana akainua mikono. Mkononi, juu ya kiwiko, palikuwa na alama nne za vidole, zimeanza kugeuka njano. Fundi alizihesabu. Akamzungushia futi kifuani, vichwa vikakaribiana.

"Mama," alinong'ona msichana. "Wewe ni dada wa yule wa kwanza?"

"Ndiye mimi."

"Naomba nikuulize. Juzi amepaka rangi upya mlango wa chumba. Ameweka na komeo jipya, kubwa. Anasema ni kwa ajili ya wezi."

"Wezi ni wengi."

"Liko upande wa nje, mama."

Futi ilisimama.

"Rudia," alisema Fundi.

"Komeo. Liko upande wa nje."

Sikioni mluzi, uliokuwapo tangu aivae hedseti, ulikoma. Kabisa. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa anapumua kwa shida amezuia pumzi ili asikie.

Fundi alitoka nyuma ya pazia. Alitembea taratibu mpaka kwenye kioo, akasimama nyuma ya shemeji yake, akanyoosha mabega ya koti. Suti ilimpendeza. Kazi nzuri haibagui mtu.

"Funga kifungo cha juu cha shati," alisema.

"Hakifungi, shemeji. Kinanibana."

"Nitakufungia."

Akamfungia. Macho yao yakakutana ndani ya kioo.

"Siku ile," alisema Fundi, chini chini, "simu iliwaka mara ngapi pale sebuleni?"

Samahani hakutabasamu. Mara ya kwanza tangu amjue. Hakusema simu gani. Hakusema siku ipi. "Samahani," alisema, "ulikuwa mchezo tu. Nilikuwa niende kumfungulia."

"Shingo," ilisema sauti sikioni. "Sita."

Fundi aligeuza kichwa. Chaji bado alikuwa kwenye kizingiti, anachokonoa meno.

"Chaji."

"Naam."

"Nainunua."

Kisha akageukia kioo. Hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema mtu aliyeinamia daftari.

"Sita."

Samahani alipeleka mikono kwenye kola. Kola ilikuwa imelegea. Ililegea kiasi cha kuingiza kidole, na alikiingiza, na hapakuwa na kitu cha kuvuta. Mdomo ukafunguka. Haukutoa kitu. Haukuingiza kitu. Ukaja mluzi mmoja mwembamba, na safari hii haukuwa sikioni. Kila mtu aliusikia.

Akageuka. Akaufuata mlango wa duka. Ulikuwa wazi, umefunguka mpaka ukutani, Chaji kasimama pale pale. Samahani akaugonga. Aligonga hewa. Aligonga kwa ngumi mbili mahali ambapo hapakuwa na mlango, na ngumi zilisimama, na zilitoa sauti ya mbao.

Mara tatu.

Akapiga magoti. Akalala ubavu, taratibu, kama mtu anayeogopa kukunja suti.

Chaji alikimbia kutafuta gari. Msichana alitoka nyuma ya pazia, akatazama, hakulia. Aliinama, akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa simu yake ya maua, akaiwasha. Fundi naye alipiga magoti akaanza kuchomoa pini kwenye koti, moja moja, akizitia kwenye kopo. Pini nzuri hazitupwi. Alipomaliza ya mwisho alisikiliza. Sikio la kushoto lilikuwa kimya, kimya cha chumba kilichohamwa.

Hospitali waliandika moyo. Mtu wa makamo, usingizi hapati, chakula hakipiti, ana mawazo ya harusi, moyo. Msichana alirudi kwa mama yake siku ileile. Chaji hakutaka tena kuizungumzia ile hedseti, wala kuishika, na Fundi naye aliilipia mbele ya watu ili pasiwe na maneno.

Usiku wa Jumatatu alilala fofofo. Jumanne akala vizuri. Asikudanganye mtu kwamba kisasi ni kichungu; kina ladha yake, na Fundi aliijua kwa siku mbili kamili.

Jumatano mchana akaja kaka mkubwa wa marehemu Samahani, mzee mtaratibu ambaye hakuwahi kuwa na ubaya na mtu. Alikataa kiti. Alisimama akiikunja kofia mikononi.

"Fundi, nimekuja kuuliza kitu cha kazini kwako. Usinielewe vibaya. Siku ile ulimchora marehemu chaki?"

"Tunachora nguo, kaka. Mtu hatumchori."

"Ndivyo nilivyowaambia. Maana tulipomwosha tulikuta mstari. Shingoni, umezunguka mzima, mweupe, umenyooka kama umepigiwa rula. Tukasugua kwa sabuni. Tukasugua kwa kitambaa kigumu mpaka ngozi inataka kutoka. Haukufutika. Tumemzika nao." Akachora hewani kwa kidole. "Na hapa, chini ya sikio la kushoto, pana alama nyingine. Kipembe kidogo, hivi, kama pembetatu isiyo na kitako. Wenzangu wakasema hizo ni alama zenu za ufundi. Maana yake nini?"

Kila anayekata nguo anaijua alama hiyo. Huwekwa pembeni mwa kipande ili kisipotee mwenzake. Maana yake ni kwamba kipande hiki si peke yake. Kuna kingine kimekatwa kwa kipimo hichohicho, na siku ya kuunganisha, kipembe hukutana na kipembe.

"Sijui," alisema Fundi.

Mzee alitikisa kichwa. Akaaga. Alipofika mlangoni akageuka, akamtazama vizuri, halafu akajigusa chini ya sikio lake mwenyewe, upole tu, kama anavyofanya mtu anayemwonyesha mwenzake punje ya wali mdomoni.

"Na wewe umejipaka chaki hapo, mama. Jifute."

Fundi alilowesha kidole kwa mate akafuta. Akakiangalia. Kidole kilikuwa safi, hakina chaki hata chembe.

Siku hizi ukienda kwake utakuta kioo cha kujaribia nguo kimegeuzwa ukutani. Ukitaka kujiona, nenda kajione kwako. Shingoni ana kitambaa, jua liwe la namna gani. Hedseti haitoki sikioni, hata akila. Na simu ikiita, mikono yake iwe imeshika nini, aachie nini, imwagike nini, huipokea mlio wa kwanza.